Tobo Namba Tatu, Mayungu

Pangaboi lilishuka kwanza.
Chuma chepesi, mabawa manne, kama kichezeo cha mtoto,
likazunguka njiani tu, kwa mwendo wetu wenyewe,
na tulipolisimamisha kwenye mita kumi na saba
likasimama. Sufuri.
Ngumbao akaiandika sufuri, akaizungushia duara,
akasema, "Maji yamelala."

Mimi nimeshika waya huu miaka tisa.
Nayajua maji yaliyolala
na maji yanayojifanya yamelala.
Mwamba wa huku ni matumbawe yaliyokufa zamani,
una matundu kama chila;
ukigonga hapa, jibu linatokea kwa jirani.

Tukateremsha kile cha joto.
Hiki kina adabu, hungoja.
Waya mdogo unapashwa kwa nukta moja tu,
maji ya ubavuni yanashikwa na homa kidogo,
na vipimajoto viwili, kimoja juu, kimoja chini,
vinakaa kama wapwa wanaosubiri urithi
kuona homa itabisha hodi kwa nani.
Saa tatu asubuhi, bahari inajaa: joto likapanda.
Saa tisa, bahari inakupwa: likashuka.
Upana wa kiganja kwa dakika, si zaidi.
Kwa pangaboi huo si mwendo;
lenyewe lina masikio ya kelele tu.

"Tuchukue wastani," akasema Ngumbao.
"Kamati inataka namba moja."
Wastani wa nini, ndugu yangu?
Wa shahidi aliyesikia na shahidi kiziwi?

Ikabaki chumvi.
Kilo mbili, za dukani kwa Shekuwe,
tukaikoroga kwenye pipa, tukaimimina kwa mpira hadi chini
mpaka tobo zima likawa na ladha moja.
Kisha kijiti cha umeme, juu, chini, juu, chini,
kila robo saa, kuonja.
Mita kumi: ipo.
Kumi na nne: ipo.
Kumi na saba na nusu: imekwenda,
imekatika kama uzi uliong'atwa.
Ufa mmoja. Kamera ilituletea ukungu mtupu,
lakini maji yalikuwa yakipita pale kando kando,
yanaingia ukuta huu, yanatokea ukuta ule,
bila hata kuligusa bawa la pangaboi.

Juu yetu lipo timbo la mawe lililoachwa,
na ndani ya timbo, mnajua wenyewe:
nepi, betri, matumbo ya samaki, choo cha wachimbaji.
Chini yetu, mita mia mbili na kumi, kisima cha Mbeyu.
Swali la kamati lilikuwa hilo tu,
mengine yote ni waya.

Jumapili, magharibi, tukatia rangi ndani ya tobo,
ile ya kijani isiyodhuru, vijiko viwili,
tukaning'iniza chupa ya sampuli kisimani kwa Mbeyu
na tukamwomba asiteke mpaka Alhamisi.
Mbeyu ana watoto wanne
na shule haijui Alhamisi yetu.

Jumatano akaja na shati la sare.
Lilikuwa jeupe. Sasa kolani na kwapani
limeiva kijani cha ndimu changa.
Hakuuliza habari ya ufa.
Akalitandaza juu ya kompyuta, akasema:
"Sabuni ya mche, mbili. Na barua kwa mwalimu."

Nikamuuliza alifua lini.
"Jana, magharibi."
Siku mbili kamili, basi.
Mita nne na ushei kwa saa,
na huenda yalifika mapema zaidi, shati halisemi.

Kwenye ripoti nimechora jedwali.
Pangaboi: sufuri.
Joto: kiganja kwa dakika, hugeuka pamoja na bahari.
Chumvi: ufa, mita kumi na saba na nusu.
Shati: kutoka timboni upande ule, hadi kwenye ndoo.

Ngumbao ameufuta mstari wa nne mara mbili.
Nimeurudisha mara tatu.
Sabuni nimeiandika chini ya gharama za vifaa.